Barabara Kuu Ikipita Mjini, Watu Watavukia Wapi?



Vikundi vingi vinavyosoma jarida hili viko mashambani, na pengine mtauliza mbona leo tunazungumza juu ya barabara kuu ya mjini. Hebu tufikiri pamoja. Maziwa ya kikundi yanauzwa wapi? Sukuma wiki, mayai, vikapu na kuku tunavipeleka wapi? Vijana wetu waliokwenda kutafuta kazi wanaishi wapi? Ni mjini. Na tukishuka kwenye matatu upande huu wa barabara, na soko liko upande ule, ni lazima tuvuke.

Hapo ndipo penye hatari. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) zinaonyesha kwamba kila mwaka, kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Kundi kubwa zaidi kati ya hao halikuwa la madereva wala abiria. Lilikuwa la watu waliotembea kwa miguu.

Tena, miji yenyewe inatujia. Kituo cha biashara kilichokuwa na maduka matano miaka michache iliyopita sasa kina benki, shule mbili na steji ya boda boda. Siku moja atakuja mpima ardhi na vigingi vyake, na tutasikia kwamba barabara inapanuliwa. Wengi wetu tutafurahi, kisha tutangoja. Tukingoja mpaka lami imekauka, tutakuwa tumechelewa.

Katika makala hii tunataka kusema jambo moja: mahali pa kuvukia panapaswa kupangwa mapema, pamoja na watu wanaovuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika barabara ukuta huo hujengwa baada ya watu kufa.

Tujifunze kutoka Barabara ya Thika

Barabara ya kutoka Nairobi hadi Thika ina urefu wa kilomita 50 hivi. Zamani ilikuwa na njia mbili za magari kwenda na mbili kurudi, pamoja na mizunguko kama ile ya Pangani, Muthaiga na Githurai. Asubuhi magari yalisongamana, na mfanyakazi aliyetoka Ruiru au Juja alilazimika kuamka alfajiri ili afike kazini kwa wakati.

Ujenzi wa barabara mpya ulianza mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi tarehe 9 Novemba 2012. Iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na kutoka Uchina. Penye makutano makubwa palijengwa njia za juu na za chini ili magari yasikutane. Sehemu za karibu na mji zilipata njia nne za magari kila upande, pamoja na barabara za pembeni kwa magari ya mtaani. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Safari ikawa fupi.

Lakini kuta zile za zamani za msongamano zilipoondoka, mwendo wa magari ukapanda. Na watu walibaki wale wale: mwanafunzi wa chuo, mama wa soko, kijana wa mjengo, mzee aliyekuja kumwona mwanawe. Walivuka pale walipozoea kuvuka. Madaraja ya miguu mengine yalikuwa hayajakamilika, na mengine yalikuwa mbali na njia za watu. Wengi waligongwa.

Ikabidi matuta yawekwe juu ya lami ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Fikiri jambo hilo. Unatumia mabilioni ili magari yaende bila kusimama, kisha unayasimamisha kwa tuta, kwa sababu hukumpangia mwenye miguu pa kupita. Magari yakapanga foleni, na dereva mgeni aliyekuja mbio usiku hakulitazamia tuta. Baadaye madaraja zaidi ya miguu yalijengwa, na matuta mengine yakaondolewa.

Hatusemi hivi ili kuwalaumu mainjinia. Barabara ya Thika imewasaidia watu wengi sana, hata wakulima wa mbali. Tunasema hivi kwa sababu ni mfano ulio wazi. Kosa la kupanga halikai kwenye karatasi. Linatoka na kusimama barabarani, na kulirekebisha kunachukua miaka.

Hesabu ya anayevuka

Watu husema, "Aliyegongwa hakuwa mwangalifu." Mara nyingine ni kweli. Lakini hebu tufanye hesabu kidogo, ya shule ya msingi tu.

Njia moja ya magari ina upana wa mita 3 na nusu hivi. Njia nne za upande mmoja ni mita 14. Mtu mzima mwenye nguvu hutembea mita 1.2 hivi kwa sekunde moja. Kwa hiyo atahitaji sekunde 12 hivi kufika katikati ya barabara. Bibi mwenye kiroba kichwani, au mama anayemshika mtoto mkono, anaweza kuhitaji sekunde 17.

Sasa tazama gari. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa kila sekunde. Katika sekunde 12 litakuwa limekwenda zaidi ya mita 260. Katika zile sekunde 17 za bibi, litakuwa limekwenda zaidi ya mita 370, yaani kama viwanja vitatu na nusu vya mpira. Nani anaweza kukadiria vizuri gari lililo mbali hivyo, jioni, mvua ikinyesha, na taa za magari mengine zikimpiga machoni? Na ziko njia nne, kila moja na gari lake.

Tazama pia dereva. Akikuona, inamchukua sekunde moja hivi kabla mguu haujakanyaga breki. Kisha gari linahitaji nafasi ya kusimama. Kwa gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, hesabu ni kama hii:

- Mwendo wa kilomita 50 kwa saa: litasimama baada ya mita 28 hivi.
- Mwendo wa kilomita 80 kwa saa: mita 57 hivi.
- Mwendo wa kilomita 100 kwa saa: mita 83 hivi.

Lori lenye mzigo, au matatu yenye magurudumu yaliyokwisha, yatahitaji zaidi. Lami ikiwa na maji, ongeza tena.

Mwendo huamua pia kama aliyegongwa ataishi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu akigongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mara nyingi sana atapona. Mwendo ukipita kilomita 45, uwezekano wa kupona ni chini ya nusu. Sheria ya Kenya imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo mjini na kwenye vituo vya biashara.

Lakini kibao cha "50" peke yake hakimzuii dereva. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva "kimbia", hata kama kibao kinasema "polepole". Kwa hiyo anayepanga barabara ya mjini lazima aamue: je, hapa magari yatakimbia, na watu wavuke juu au chini yake? Au hapa ni mtaa wa watu, na barabara yenyewe itajengwa kwa namna ya kuyapunguza magari mwendo? Mambo haya mawili ukiyachanganya bila mpango, watu watakufa.

Mbona watu hawapandi daraja?

Umewahi kuona watu wakikimbia chini ya daraja la miguu, daraja likiwa tupu juu yao? Polisi huwakamata, na magazeti huwaita wakaidi. Sisi tunauliza: daraja hilo lilijengwa wapi, na kwa ajili ya nani?

Daraja la miguu lazima liache malori marefu yapite chini yake. Kwa hiyo mwenye kupanda hufika juu kama mita 6 hivi. Kwa ngazi za sentimita 15, hizo ni ngazi 40 za kupanda na 40 za kushuka. Mwenye magongo hawezi. Mwenye mkokoteni hawezi. Ikiwa badala ya ngazi pana mteremko mpole, wa mita 12 mbele kwa kila mita 1 ya kupanda, basi ni mita 72 za kupanda na mita 72 za kushuka, bado hujavuka barabara yenyewe.

Sasa ongeza umbali. Tuseme watu wanashuka steji mbele ya soko, na daraja liko mita 400 kutoka hapo. Kwenda mpaka darajani na kurudi upande wa pili ni mita 800. Hizo ni zaidi ya dakika kumi kwa mtu mwenye nguvu, kabla ya kuhesabu ngazi. Mtu aliyebeba ndizi na aliyechelewa sokoni atatazama barabara, atatazama daraja, kisha atakimbia.

Daraja linalotumiwa vizuri huwa na mambo haya:

1. Liko pale pale watu wanapovuka, siyo pale ambapo ilikuwa rahisi kulijenga.
2. Steji iko karibu na mguu wa daraja.
3. Lina mteremko, siyo ngazi peke yake.
4. Lina taa usiku, na halina pembe za kujificha wezi.
5. Katikati ya barabara pana ukingo au wavu unaomwelekeza mtu darajani.

Tukikosa hilo la kwanza, yale mengine manne hayatatuokoa.

Vifaa vya usalama, na kila kimoja mahali pake

Daraja la miguu siyo dawa ya pekee. Kikundi kikijua majina na kazi ya vifaa hivi, kitaweza kuzungumza na injinia bila kubabaika.

*Njia ya miguu.* Hii ndiyo ya kwanza. Uchunguzi wa usafiri mjini Nairobi umeonyesha kwamba safari kama nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Bila njia yao, watu hutembea kwenye ukingo wa lami. Njia ya miguu iinuliwe kidogo, na mtaro uwe na kifuniko.

*Kivukio kilichoinuliwa.* Hiki ni kivuko chenye mistari myeupe kilichojengwa juu ya tuta pana. Gari hupunguza mwendo, na mtu huvuka bila kushuka wala kupanda. Kinafaa mbele ya shule, zahanati na soko, mahali ambapo magari yanatakiwa kwenda polepole. Hakifai katikati ya barabara ya magari yanayokwenda kilomita 80.

*Kisiwa cha katikati.* Ni sehemu iliyoinuliwa kati ya magari yanayokwenda na yanayokuja. Mtu huvuka nusu, anasimama salama, kisha huvuka nusu ya pili. Ni kitu cha gharama ndogo, lakini kinaokoa watu.

*Tuta.* Linapunguza mwendo kweli, lakini lazima lipakwe rangi, liwe na kibao mbali kidogo, na umbo lake liwe la kipimo. Wananchi wasijijengee tuta la udongo usiku kwa hasira. Tunaielewa hasira hiyo, lakini tuta lisiloonekana linaweza kumwua mwenye pikipiki.

*Njia ya chini.* Mtu hashuki sana kama anavyopanda daraja. Lakini ikikosa taa na mfereji wa kutoa maji, itakuwa bwawa wakati wa mvua na pango la wezi usiku.

*Steji iliyoingia pembeni.* Matatu ikisimama ndani ya njia ya magari, inafunga barabara na inawaficha abiria wanaovuka mbele yake. Steji inapaswa kuwa na nafasi yake, na iwe baada ya kivukio, siyo kabla. Hivyo anayevuka hupita nyuma ya matatu, na dereva anayekuja anamwona.

*Barabara ya pembeni.* Hii hutenganisha gari la safari ndefu na gari la mtaani, boda boda na mkokoteni. Lori linalotoka Mombasa halina sababu ya kusukumana na mwenye mkokoteni wa maji.

Je, kupanua barabara kunamaliza msongamano?

Wengi hufikiri kwamba njia za magari zikiongezwa, msongamano utakwisha. Kwa muda, ni kweli. Lakini barabara nzuri huita magari. Aliyekuwa akipanda basi sasa hununua gari. Nyumba hujengwa kando, kisha wenye nyumba hizo nao hutaka kupita. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, mashamba ya kahawa kule Ruiru yaliendelea kugeuka mitaa ya nyumba. Asubuhi magari yalikuja upesi mpaka karibu na mji, kisha yakasongamana pale barabara inapobanwa, kama maji kwenye shingo ya kibuyu.

Kwa hiyo mpango mzuri hauhesabu magari tu. Unahesabu watu. Matatu moja iliyojaa hubeba abiria 14. Magari madogo, kila moja likiwa na mtu mmoja au wawili, yatahitaji nafasi kubwa mno ya lami kubeba abiria hao hao. Kulipa basi njia yake, kuipa matatu steji nzuri, na kumpa mwenye miguu njia salama ni kupunguza msongamano pia. Na lori lisilo na kazi mjini lipewe baipasi, yaani barabara ya kuuzunguka mji.

Wenzetu wanaouza kando ya barabara

Hapa tuseme wazi, kwa sababu wanachama wengi wa vikundi huuza kando ya barabara. Ardhi ya kila upande wa lami, kwa upana uliowekwa, ni hifadhi ya barabara. Ni ya umma. Anayejenga kioski hapo anaweza kuamka siku moja akute alama ya X nyekundu ukutani. Wakati wa ujenzi wa Barabara ya Thika, majengo mengi yaliyoingia kwenye hifadhi hiyo yalibomolewa.

Lakini siyo suala la kubomolewa tu. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani katika barabara ya Nakuru kwenda Kericho, lori lilivamia magari, abiria na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Walikuwa wakitafuta riziki ya siku hiyo.

Baada ya jambo kama hilo, serikali huamuru wauzaji waondoke. Wanaondoka wiki moja, halafu wanarudi. Mbona wanarudi? Kwa sababu mnunuzi yuko barabarani. Kumfukuza mama bila kumpa soko siyo mpango. Mpango ni kutenga soko karibu na steji, nyuma ya ukingo imara, lenye choo na maji, mahali ambapo abiria atafika bila kuvuka magari. Soko hilo lazima liwe kwenye ramani tangu mwanzo, pamoja na barabara yenyewe. Likiachwa liwe "jambo la baadaye", hafla ya ufunguzi itafanywa na soko halitajengwa.

Nani hupanga, na sisi tuingie wapi?

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iligawa kazi. Barabara kuu za taifa ziliwekwa chini ya KeNHA, barabara za mijini chini ya KURA, na za mashambani chini ya KeRRA. Serikali za kaunti nazo zina barabara zao, masoko na steji. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: barabara hii ni ya nani? Barua ikienda kwa ofisi isiyohusika, itakaa ndani ya faili.

Kwa kawaida kazi hupita hatua hizi:

1. Uchunguzi: kuhesabu magari na watu, kuangalia ajali zimetokea wapi.
2. Ramani ya kwanza.
3. Tathmini ya athari kwa mazingira na kwa jamii.
4. Ramani ya mwisho na zabuni.
5. Ujenzi.
6. Ukaguzi na matengenezo.

Mahali petu pa kusema kwa nguvu ni hatua ya 1 hadi ya 3. Katiba ya mwaka 2010 imetaja ushirikishwaji wa wananchi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kanuni za mazingira za mwaka 2003 ziliagiza kwamba mradi unaofanyiwa tathmini hiyo uwe na angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa. Msingoje kubembelezwa. Mkisikia tangazo la chifu, nendeni. Na anayechukuliwa ardhi yake halali lazima alipwe fidia, kwa hiyo tunzeni hati na vipimo vyenu.

Hatua ya 5 pia ina hatari yake. Wakati wa ujenzi kunakuwa na mashimo, vumbi na njia za muda. Mwambieni mwanakandarasi mapema: watoto wa shule watapita wapi kesho asubuhi?

Tufanye mfano wa baraza. Mtu akisimama na kusema, "Injinia, barabara hii inatumaliza!", injinia atasema pole, ataandika "wananchi walalamika", na mkutano utaendelea. Lakini mwenyekiti wa kikundi akisimama na kusema, "Injinia, tunashukuru kwa kuja. Siku ya soko tulihesabu watu waliovuka mbele ya lango la soko. Hapa kuna karatasi. Kwenye ramani yako daraja liko mita 400 kutoka hapo. Tunaomba utueleze sababu, na tunaomba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano," basi mambo yatabadilika. Injinia anaheshimu hesabu, na jibu lililoandikwa haliwezi kusahauliwa kirahisi.

Kazi ya kikundi: siku mbili za kuhesabu

Kazi hii haihitaji pesa. Inahitaji daftari, kalamu, saa na watu sita.

*Kwanza, choreni ramani.* Chukueni karatasi kubwa, au choreni chini kwa kijiti. Onyesheni barabara, shule, soko, zahanati, kisima na steji. Kisha wanachama waonyeshe njia wanazopita. Waulizeni kina mama, wazee, watoto na walemavu kila kundi peke yake. Njia zao hazifanani.

*Pili, tieni alama mahali pa hatari.* Wapi watu waligongwa katika miaka mitatu iliyopita? Andikeni mwezi na saa mkikumbuka. Wapi pana giza? Wapi maji hukaa? Wapi kona au mti humficha dereva?

*Tatu, hesabuni.* Chagueni siku moja ya soko na siku moja ya kawaida. Simameni pembeni kabisa mwa barabara, watu wawili wawili. Hesabuni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi hadi saa moja jioni. Kwa kila anayevuka, pigeni mstari mmoja, na wa tano ukate ile minne. Tengenisheni safu: watoto, watu wazima, waliobeba mizigo, walemavu, baiskeli na mikokoteni.

*Nne, andikeni ukurasa mmoja.* Barabara ipi, mahali papi, siku gani, watu wangapi, ajali ngapi, na ombi lenu moja au mawili. Siyo maombi kumi. Wekeni sahihi na nambari ya usajili wa kikundi.

*Tano, pelekeni nakala.* Moja kwa ofisi ya barabara inayohusika, moja kwa chifu, moja kwa mwakilishi wa wadi. Nakala mnayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, barua yenu haina ushahidi.

*Sita, rudini.* Baada ya mwezi mmoja, watu wawili waende kuuliza. Wakikosa jibu, waende tena.

Kazi hii haitaleta daraja kesho. Lakini ramani ikiwa bado mezani, kusogeza daraja ni kazi ya kifutio na penseli. Likishamwagwa zege, itahitaji bajeti mpya, zabuni mpya na miaka ya kungoja. Na katika miaka hiyo mama wa kikundi chenu atakuwa bado anavuka, na maziwa yake mkononi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Barabara iliyo karibu nasi ni ya KeNHA, KURA, KeRRA au kaunti? Nani kati yetu ataenda kuuliza?
2. Ni mahali papi wanachama wetu huvuka kila siku, na kwa nini huvukia hapo?
3. Je, soko letu liko upande gani wa steji? Tungepanga sisi, tungeliweka wapi?
4. Watoto wetu wanajua kusimama, kutazama kulia, kushoto na kulia tena? Nani huwafundisha, nyumbani au shuleni?
5. Sisi wenyewe tukiwa ndani ya matatu inayokimbia, tunamwambia dereva apunguze mwendo, au tunanyamaza kwa sababu tumechelewa?

Mkishafanya hesabu yenu, tuandikieni mlichopata na mlichojibiwa. Vikundi vingine vitajifunza kutoka kwenu.